Mfupa ndio wenye kauli: kuelewa vipandikizi vya meno

Piga simu kliniki ya meno, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, uulize bei ya kipandikizi, yaani jino la bandia lenye mzizi wa skrubu ndani ya mfupa, mahali pa gego lililong'olewa. Jibu karibu kila mahali ni moja: njoo kwanza tukupige picha. Wengi hukata simu hapo hapo, wakiamini wanavutwa waende ili wakishafika waone haya kurudi nyuma. Wapo kweli wanaovuta wateja kwa ujanja huo. Lakini mara nyingi anayejibu hivyo hana hila, na sababu yake haihusu jino. Inahusu mfupa. Bei, muda wa kusubiri, nani anafaa na nani hafai, kwa nini kipandikizi cha mmoja kimekaa miaka 20 na cha mwenzake kimelegea mwezi wa pili: kila swali ukilifuata hadi mwisho wake linakufikisha kwenye mfupa wa taya, umebaki kiasi gani na una hali gani.

Tuanze na jino la asili, maana tofauti yake na kipandikizi ndiyo inayoeleza mengi ya mbele. Jino halikupigiliwa kwenye taya. Kati ya mzizi na mfupa kuna nafasi nyembamba mno, haifiki hata nusu milimita, iliyojaa nyuzi fupi zilizoshika mzizi upande huu na mfupa upande ule. Jino limelazwa juu ya nyuzi hizo kama mtu kwenye kitanda cha kamba: ukilibana linabonyea kidogo, ukiliachia linarudi. Humo kwenye nyuzi mna mishipa ya fahamu, na ndiyo inayokushtua ukikutana na changarawe kwenye wali kabla hujalivunja jino lenyewe. Mfupa unaozunguka mzizi nao upo kwa sababu jino lipo. Jino likitoka, mfupa ule hauna tena kazi, na mwili hauna desturi ya kutunza kitu kisicho na kazi. Huanza kuuyeyusha. Vipimo vilivyofanywa kwa watu waliong'olewa meno vinaonyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja upana wa ukingo wa taya mahali pale unaweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo.

Ndiyo maana uso wa kibogoyo wa miaka mingi hujikunja, mashavu yakaingia ndani na kidevu kikasogelea pua. Watu husema ni uzee. Uzee una sehemu yake, lakini kilichopungua hasa ni taya.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu tiba ya jino iliyozoeleka ni kung'oa. Mtu hufika hospitali akiwa amekesha siku tatu kwa maumivu, jino limeoza hadi kwenye kiini, na kuziba mizizi kunahitaji safari kadhaa na pesa asizokuwa nazo. Linang'olewa, maumivu yanaisha, anashukuru. Miaka inapita. Aliyeng'olewa gego akiwa kidato cha pili huja kuulizia kipandikizi akiwa na miaka 40, na anashangaa kuambiwa mfupa hautoshi. Wazee wa Kiluo walioondolewa meno sita ya mbele ya chini walipokuwa vijana, kwa desturi ya kabila lao, ni mfano wa mbali zaidi: mahali pale pamekaa bila mzizi karibu umri wote wa mtu mzima. Kuweka meno hapo ni kazi tofauti kabisa na kuziba pengo la mwezi jana, ingawa kwa kutazama kinywani yote ni mapengo.

Kabla ya kwenda kwenye skrubu na upasuaji, kuna swali ambalo anayeuza vipandikizi hana haraka ya kukuuliza: pengo lako linahitaji kujazwa? Mwaka 2003 Sarita na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Tanzania kuhusu watu waliopoteza magego ya nyuma. Waliona kwamba mtu aliyebaki na meno ya mbele, magego madogo yote, na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, hutafuna vya kutosha. Shida kubwa, hasa kwa vyakula vigumu, huja pale magego madogo nayo yanapokwisha, au upande mmoja wa kinywa unapobaki mtupu. Wazo lenyewe lilitoka Uholanzi miaka ya 1980, lakini mimi naliamini zaidi kwa kuwa limepimwa kwa watu wanaokula makande, muhogo na nyama ya kuchoma. Kwa hiyo ukikosa gego la mwisho kabisa kule nyuma na huoni taabu yoyote, kuliacha ni uamuzi halali wa kitabibu. Si uzembe.

Tuseme basi pengo lina taabu. Njia za zamani ni mbili. Ya kwanza ni meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, ambayo ni ya bei nafuu, hayahitaji upasuaji, lakini hukaa juu ya ufizi na kuubana, na mfupa chini yake unaendelea kuyeyuka mpaka siku moja yanacheza mdomoni. Ya pili ni daraja: meno mawili yanayopakana na pengo yanachongwa, yanavishwa kofia, na jino la bandia linaning'inizwa katikati. Daraja ni zuri pale ambapo meno hayo jirani tayari yameharibika na yanahitaji kofia. Pale ambapo ni mazima, unachonga meno mawili yasiyo na kosa ili kumhudumia marehemu mmoja, na jino lililochongwa halirudi tena kuwa zima.

Kipandikizi hakiwagusi majirani. Kina sehemu tatu, na ni muhimu kuzitofautisha kwa sababu, kama tutakavyoona, ndipo mchezo wa bei unapochezwa. Sehemu ya kwanza ni skrubu ya madini ya titani inayoingia ndani ya mfupa. Unene wake kwa kawaida ni kati ya milimita 3 na 6, na urefu wake mara nyingi ni milimita 8 hadi 13. Ya pili ni kiunganishi, kipande kifupi kinachofungwa juu ya skrubu na kutokeza kwenye ufizi. Ya tatu ni kofia ya jino, au krauni kama wengi wanavyoiita, ya kauri ya kawaida au ya kauri ngumu iitwayo zirkonia, ndiyo inayoonekana ukicheka. Watu huita vyote vitatu "jino", lakini mgonjwa anaweza kuwa na kimoja na akakosa viwili kwa miezi kadhaa, na hiyo ni hali ya kawaida.

Kwa nini titani? Jibu lilipatikana bila kutafutwa. Mwaka 1952 huko Lund, Uswidi, daktari kijana aitwaye Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza damu inavyopita ndani ya mfupa. Aliweka vijidude vidogo vya titani vyenye kioo kwenye mifupa ya miguu ya sungura ili atazame kwa hadubini. Vifaa hivyo vilikuwa ghali, kwa hiyo baada ya uchunguzi alitaka kuvitoa avitumie tena. Havikutoka. Mfupa ulikuwa umeota ukavishika barabara. Mtafiti mwingine angelalamika kuhusu hasara, yeye akaona kwamba hapo kuna jambo kubwa kuliko lile alilokuwa akilitafuta. Mwaka 1965 alimpandikizia Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro za taya na kaakaa, skrubu nne kwenye taya la chini. Larsson alifariki mwaka 2006, na vipandikizi vyake vilikuwa bado vinafanya kazi. Wenzake Brånemark hawakumwamini kwa haraka. Ilibidi mkutano wa Toronto wa mwaka 1982 ndipo madaktari wa nje ya Uswidi waanze kuikubali kazi yake kwa wingi.

Siri ya titani ni ngozi yake. Ikikutana na hewa, juu yake hujengeka papo hapo utando wa oksidi, mwembamba usioonekana kwa macho, na kinachogusana na mwili ni utando huo, si chuma chenyewe. Mwili hauuoni kuwa ni adui, haujengi kovu la kuuzunguka kama unavyofanya kwa mwiba au kipande cha risasi. Seli za mfupa zinakuja kukaa juu yake moja kwa moja. Siku hizi watengenezaji huiparuza skrubu kwa mchanga na tindikali ili iwe na vishimo vidogo vidogo ambamo mfupa unaingia na kushika. Hakuna gundi wala saruji. Kinachokishika kipandikizi ni mfupa wako mwenyewe, na kama mfupa haujataka, hakuna fundi atakayeulazimisha.

Upasuaji wenyewe hutisha watu kuliko inavyostahili. Unachomwa sindano ya ganzi, ile ile ya kung'olea jino. Ufizi unafunuliwa, kisha mfupa unatobolewa kwa keekee nyembamba, halafu nene kidogo, halafu nene zaidi, huku maji baridi ya chumvi yakimiminwa muda wote. Maji hayo si ya kuosha damu tu. Mfupa ukipashwa joto la nyuzi 47 kwa dakika moja, seli zake huanza kufa, na mfupa uliokufa haushiki kitu. Mtaalamu mwenye haraka, au mwenye keekee butu, anaweza kuua kipandikizi siku ile ile ya kukiweka na asijue, na mgonjwa naye asijue, mpaka baada ya wiki kadhaa. Baada ya tundu kuwa tayari, skrubu inazungushwa polepole hadi ikae. Kwa jino moja, kazi nzima aghalabu hufikia saa moja. Wengi waliopitia husema kung'oa gego kuliwaumiza zaidi, na kuna mantiki ndani yake: kung'oa ni kuvuta kitu kilichoshikwa na nyuzi zenye fahamu, kutoboa mfupa uliotiwa ganzi ni kelele zaidi kuliko maumivu. Uvimbe wa siku mbili tatu upo, na chakula laini, uji na supu, hakina budi.

Kisha ndipo inapokuja sehemu ambayo, kwa maoni yangu, haielezwi vya kutosha. Siku ya kwanza kipandikizi ni imara sana, kwa sababu kimebanwa kwenye tundu. Lakini ule mfupa uliobanwa umejeruhiwa, na mwili kabla ya kujenga mpya huondoa kwanza ulioharibika. Kwa hiyo uimara wa mwanzo unashuka, wakati uimara wa mfupa mpya bado haujapanda. Wiki ya 3 na ya 4 ndipo kinapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote, na ndizo wiki ambazo ufizi umeshapona, hakuna uvimbe, hakuna maumivu, na mgonjwa anaona muda wa kula mahindi ya kuchoma umewadia. Kikitikisika wakati huo, hata kwa kiasi kidogo sana kinachorudiwa kila mlo, mfupa hauoti kukikumbatia. Kunajengeka utando laini wa nyama badala yake, na kipandikizi hicho hakitapona, kitatolewa.

Brånemark alisubiri miezi 3 kwa taya la chini na miezi 6 kwa la juu, kwa sababu mfupa wa chini ni mgumu na wa juu una mwanya mwanya mwingi ndani yake. Kwa skrubu za kisasa zilizoparuzwa, madaktari wengi husubiri wiki 6 hadi 12 pale mfupa unapokuwa mzuri. Baada ya hapo ndipo kiunganishi na kofia vinapowekwa.

Sasa yale matangazo ya "meno kwa siku moja" ni uongo? La, ila yanasema nusu ya habari. Inawezekana kuweka jino siku ile ile ikiwa skrubu imekaa kwa nguvu iliyopimwa na kutosha, na jino linalowekwa ni la muda, limechongwa fupi ili lisigongane na la upande wa pili. Kwa asiye na meno kabisa kuna mbinu iliyotangazwa na Paulo Maló wa Lisbon, Ureno, mwaka 2003: vipandikizi vinne kwa taya zima, viwili vya mbele vimesimama wima na viwili vya nyuma vimelazwa kwa pembe, vyote vikifungwa pamoja na safu moja ngumu ya meno. Vikifungwa pamoja vinazuiana kutikisika, ndiyo maana vinaweza kubeba meno mapema. Lakini hata hapo, safu ya siku ya kwanza kwa kawaida ni ya muda, ya plastiki ngumu, na ile ya kudumu huja baada ya miezi. Anayekuuzia siku moja bila kukutajia miezi anakuficha jambo.

Turudi kwenye ile picha unayoitiwa kabla ya kutajiwa bei. Eksirei ya kawaida huonyesha urefu wa mfupa, haionyeshi unene wake. Picha ya pande tatu inaonyesha vyote, na pia inaonyesha vitu viwili ambavyo mpandikizaji hapaswi kuvigusa. Kwenye taya la chini, chini ya mizizi ya magego, hupita mfereji wenye mshipa wa fahamu unaohudumia mdomo wa chini na kidevu. Madaktari huacha angalau milimita 2 kati ya ncha ya skrubu na mfereji huo. Ukiguswa, mgonjwa anaweza kubaki na ganzi ya mdomo kwa miezi, na wengine haiishi. Kwenye taya la juu, juu ya magego kuna uwazi wa hewa, ule wa sainasi. Magego ya juu yakitoka, uwazi huo hushuka huku mfupa ukipanda, na mara nyingine kinachobaki kati yake ni milimita 3 au 4 tu. Hapo sakafu ya sainasi inabidi iinuliwe na kuwekewa mfupa, ndipo skrubu ipate pa kushika.

Huo mfupa wa kuongeza unatoka wapi? Unaweza kuwa wako mwenyewe, umechukuliwa kidevuni au nyuma ya taya. Unaweza kuwa wa mtu aliyejitolea baada ya kufa. Unaweza kuwa umetengenezwa kiwandani kwa madini ya kalsiamu. Na mara nyingi sana ni unga wa mfupa wa ng'ombe uliosafishwa hadi ikabaki sehemu ya madini tu. Juu yake hufunikwa kitambaa chembamba cha kolajeni, protini ya ngozi na mifupa, na kitambaa hicho katika bidhaa nyingi hutokana na nguruwe. Sijaona kliniki nyingi zinazolitaja hili kabla ya kazi, na kwa Mwislamu au Mhindu si jambo dogo. Muulize daktari mapema, si ukiwa umelala kwenye kiti mdomo umetiwa ganzi. Bidhaa mbadala zipo, kinachotakiwa ni kuagizwa kwa wakati. Kuongeza mfupa kunaweza kurefusha safari kwa miezi 4 hadi 9, na kunaongeza gharama. Hiyo ndiyo maana ya "inategemea" unayoambiwa kwenye simu.

Nani hafai? Umri mkubwa peke yake si kizuizi, mzee wa miaka 80 mwenye afya njema anafaa. Kijana ndiye mwenye shida: kipandikizi hakina nyuzi, kimegandana na mfupa, kwa hiyo taya likiendelea kukua meno mengine yanashuka nalo na chenyewe kinabaki pale pale, kikaonekana kimezama. Aliyevunjika jino la mbele kwenye mpira akiwa na miaka 14 inabidi asubiri ukuaji uishe, avae kitu cha muda. Mwenye kisukari kinachodhibitiwa vizuri anaruhusiwa, yule ambaye sukari yake inapanda na kushuka ovyo jeraha lake halifungi vizuri na mfupa wake unasuasua. Daktari makini atataka kuona kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3, si kile cha kidole cha asubuhi hiyo. Uvutaji wa sigara huongeza hatari ya kushindwa takriban mara mbili. Kuishi na virusi vya UKIMWI hakumzuii mtu anayetumia dawa vizuri na kinga yake ikawa imara.

Kundi la kuliangalia kwa macho mawili ni wanaotumia, au waliowahi kutumia, dawa za kuimarisha mifupa za jamii ya bisfosfoneti, hasa zile za kuchomwa kwenye mshipa kwa wagonjwa wa saratani, pamoja na waliopigwa mionzi kwenye taya. Mifupa yao inaweza kukataa kupona baada ya kutobolewa na sehemu ikafa. Hawa wengi hawazitaji dawa hizo kwa sababu hawaoni zinahusiana vipi na meno. Zitaje.

Kwa waliopoteza meno yote ya chini nina neno la pekee, kwa sababu naona wanauziwa kubwa kuliko hitaji. Meno ya bandia ya taya la juu hukaa, kwa vile kaakaa lote linayanyonya. Ya chini hayana pa kunyonya, na ulimi unayasukuma mchana kutwa. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walikubaliana kwamba kiwango cha kuanzia kwa taya la chini lisilo na jino liwe ni vipandikizi viwili tu, vimewekwa mbele karibu na pale chonge zilipokuwa, na meno ya bandia ya kuvua yakibanwa juu yake kwa vifungo vya kubonyeza. Mfupa wa kidevu kwa kawaida ndio unaobaki hata kwa kibogoyo, na ule mfereji wa fahamu hauko hapo. Mara nyingi meno ya bandia ambayo mtu anayo tayari yanaweza kutobolewa na kutiwa vifungo. Unavua usiku, unaosha, unavaa asubuhi, na hayaruki ukipiga chafya. Vipete vya plastiki ndani ya vifungo huchakaa na kubadilishwa mara kwa mara, basi. Si jambo la kujivunia kwenye picha za mtandaoni, lakini kwa mama mwenye miaka 70 anayetaka kula nyama bila kushika kidevu, sioni kinachoizidi kwa pesa hiyo.

Kuhusu uimara wa muda mrefu, tafiti nyingi zinaonyesha kwamba zaidi ya vipandikizi 90 kati ya 100 bado vipo baada ya miaka 10. Takwimu hiyo hunukuliwa sana kwenye matangazo, na ni ya kweli. Ila "kipo" haina maana kwamba hakina tatizo. Kipandikizi hakiozi, hakina cha kuoza. Kinachoumwa ni mfupa na ufizi unaokizunguka. Ukoga ukikaa shingoni mwake, ufizi huvimba na kutoa damu, na usipotibiwa maambukizi hushuka yakaanza kula mfupa. Katika tafiti zilizokusanywa pamoja, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hupatwa na hali hiyo kwa kiwango fulani. Kwenye jino la asili nyuzi za ufizi huingia ndani ya mzizi na kuwa kizuizi. Kwenye skrubu hazina pa kuingia, zinapita pembeni tu, na bakteria wakishuka hawakutani na ukuta. Tena mara nyingi hakuna maumivu. Mtu hugundua kipandikizi kikiwa kinacheza, na kikifikia kucheza kimekwisha.

Kwa hiyo aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi, yale yaliyolegea yakatoka yenyewe moja moja, yuko kwenye hatari kubwa kuliko aliyepoteza kwa kuoza au ajali. Bakteria walewale bado wamo kinywani. Fizi zitibiwe kwanza, halafu skrubu. Na kusafisha baadaye kunataka zaidi ya mswaki: kijibrashi chembamba cha kupitisha kati ya meno, au uzi wa meno, kila siku, na kwenda kukaguliwa angalau mara moja au mbili kwa mwaka na eksirei ya kulinganisha. Mswaki wa mti unasafisha nyuso za meno vizuri ukitumiwa kwa makini, haufiki pale shingoni chini ya kofia. Kuna pia matatizo ya kimakanika, kofia kumeguka au skrubu ndogo ya juu kulegea, hasa kwa wanaosaga meno usingizini. Hayo hurekebishwa bila kugusa mfupa.

Tukirudi kwenye bei. Kliniki mbili zikikutajia bei zilizopishana mara mbili, mara nyingi moja imetaja skrubu peke yake na nyingine imetaja skrubu, kiunganishi na kofia. Omba ujumla kwa maandishi: picha, upasuaji, mfupa wa kuongeza kama upo, vipande vyote vitatu, jino la muda, na nini kitatokea kikishindwa ndani ya mwaka wa kwanza. Uliza pia nani anapasua na nani anatengeneza kofia, kwani mara nyingi ni watu wawili, na jino zuri huanza kwa wawili hao kukubaliana jino litakaa wapi kabla mfupa haujatobolewa. Bima uiulize kabla ya kuanza. Nyingi huhesabu vipandikizi kuwa ni urembo.

Ndugu walioko Ulaya na Ghuba siku hizi husafiri kufuata bei, wengine kwenda Uturuki au India, wengine kurudi nyumbani likizo. Si vibaya, ila wasomaji wa matangazo wajue kwamba "meno mapya kwa wiki moja" mengi ni kofia zilizovalishwa juu ya meno yao wenyewe yaliyochongwa, si vipandikizi. Vipandikizi vya kweli kwa kawaida vinataka safari mbili, kwa sababu mfupa haujui tarehe ya tiketi yako ya kurudi. Na kuna jambo linalowasumbua sana baadaye: duniani kuna aina mamia za skrubu hizi, na vipande vya kampuni moja mara nyingi havifungi kwenye skrubu ya nyingine, hata bisibisi yake inaweza kuwa tofauti. Kikilegea kitu ukiwa Mwanza au Maskati, daktari wa hapo hawezi kukusaidia kama hajui ndani ya taya lako kumewekwa nini. Kila kipandikizi hutoka kiwandani na kibandiko chenye jina la mtengenezaji, unene, urefu na namba ya toleo. Kibandiko hicho ni chako. Kiombe kibandikwe kwenye kadi siku ile ile ya upasuaji, kipige picha, na uihifadhi mahali ambapo simu ikiibiwa haitapotea nayo.